Yamaha Enduro 15 ya mtumba Bwawani Mtera: mashine nzima, mgonjwa alikuwa mpira wa mafuta

Nianze na hukumu, mwenye haraka asinisome bure. Mashine hii ya boti ningeinunua tena hata kesho. Fundi wa kwanza niliyempelekea, baiskeli ya mtoto sitampa. Katikati ya hayo mawili kuna wiki saba za kupiga kasia na pesa ambazo zingenitosha kununua nyavu.

Mimi nafanya biashara ya samaki Mtera, upande wa Dodoma. Nachukua perege kwenye kambi za wavuvi, na kambale wakipatikana, nawatoa kwa boti hadi barabarani, kisha mjini. Boti ni ya mbao, anaiendesha mtoto wa dada yangu. Mashine ni Enduro 15, tu-stroki (zile zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili), silinda mbili, cc 246, ya kuvuta kamba. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama kambi, milioni mbili na laki tatu. Mwaka wake wala sikuuliza. Kofia ilishapakwa rangi angalau mara mbili, ya juu bluu na chini yake kijani, kwa hiyo umri wake mnaweza kukisia.

Miaka miwili ya mwanzo sina la kusema. Kamba mara mbili au tatu, inanguruma. Imegonga visiki mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, maana Mtera ina miti iliyofia majini tangu bwawa lijae, na maji yakishuka vile visiki vinakuja juu kidogo tu, vya kukuvizia. Tumebadilisha propela mara moja. Basi.

Mwaka wa tatu ndipo yakaanza. Asubuhi inawaka vizuri, inatoka kambini vizuri, ukishafungua moto wote, yaani mwendo wa mwisho, inakwenda dakika sita, saba, halafu inaanza kulegea. Sauti inashuka kama mtu anayesinzia kwenye mkutano. Inazima. Ukisubiri kidogo ukavuta kamba, inawaka tena kama haijafanya kosa lolote. Dakika sita nyingine, imelala. Na Mtera si mahali pa kulaliwa na mashine: mchana upepo unaamka, viboko wapo, mamba wapo, na samaki ndani ya boti wanahesabu saa.

Tukaifungua, tukaipakia kwenye gari la mizigo, tukaipeleka Dodoma mjini. Zaidi ya kilomita mia moja. Fundi niliyeelekezwa ni wa pikipiki hasa, lakini aliniambia tu-stroki ni tu-stroki. Akashusha kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, akaiosha, akaniuzia vifaa vya ndani vya kabureta elfu 45, plagi mbili mpya elfu 24, ufundi elfu 60. Akaitumbukiza kwenye pipa la maji pale karakana, ikanguruma nusu saa nzima bila kukata. Nikalipa nikiwa nacheka. Kesho yake bwawani, dakika sita.

Nilivyompigia akasema basi ni ringi, zile pete za pistoni, mgandamizo umekwisha, nilete tena na laki tatu na themanini. Hapo ndipo nilipostuka. Mashine iliyoishiwa ringi inaamka kwa tabu asubuhi na haina nguvu tangu mwanzo. Yangu ilikuwa na nguvu zote, kwa dakika sita. Sikuwa na elimu ya kumjibu, nilikuwa na mashaka tu, na safari hiyo mashaka yalinifaa.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja pale kambini ambaye ufundi kaujifunzia Mwanza. Nilimwendea na maelezo marefu, hakuyataka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo mashine inakata au inalala?"

"Inalala."

"Inalala polepole?"

"Polepole, mzee."

"Basi ina njaa. Ingekuwa moto wa plagi ingekata tap, kama umezima taa." Halafu akaomba plagi za zamani. Nikamwambia fundi wa mjini alizitupa. Akasikitika kweli, kuliko hata nilivyosikitika mimi kwa pesa zangu. Akanieleza kwamba plagi iliyotoka kwenye mashine ni shahidi: ikiwa nyeusi na imelowa, mafuta yamezidi au moto haupigi, ikiwa kavu na nyeupe, mafuta hayatoshi, hewa imezidi. "Kamtupa shahidi, kisha anakisia."

Tukaingia kwenye boti watatu. Alichofanya kinaweza kufanywa na yeyote, ndiyo maana nakiandika kwa kirefu. Kwanza aliangalia skrubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi. Ikiwa imefungwa, tangi haliwezi kuvuta pumzi, mafuta yanatoka kidogo halafu yanagoma. Yetu ilikuwa wazi. Akakaa karibu na tangi, mkono mmoja kwenye kile kipira cha kubinya kilicho katikati ya mpira wa mafuta unaotoka tangini kwenda kwenye injini, akamwambia kijana afungue moto wote. Dakika ya sita ikaanza kusinzia. Mzee akabinya kipira, mara moja, mara mbili. Mashine ikaruka kama imepigwa kiboko! Akaacha, ikasinzia. Akabinya, ikaamka.

Kisha akanishikisha mwenyewe. Kipira kilikuwa laini, kimejaa hewa nusu. Akasema kingekuwa kimenywea bapa, tungejua kizuizi kiko nyuma, tangini au kwenye hewa ya tangi. Kikiwa laini hivi, kuna mahali mpira unanyonya hewa badala ya petroli. Pampu ya mafuta ya mashine hizi ni kijingozi chembamba kinachochezeshwa na mapigo ya injini yenyewe. Haina ubavu wa kushindana na tundu. Ukienda taratibu inamudu, ukifungua moto wote inaishiwa. Hapo ndipo nilipoelewa pipa la fundi wa mjini. Kwenye pipa mashine haibebi mzigo, inakunywa kidogo, ingeweza kunguruma hadi Pasaka.

Ili asikisie na yeye, aliazima tangi na mpira wa boti ya jirani, tukachomeka kwetu. Tulizunguka dakika ishirini na tano bila hata kikohozi. Kwa hiyo injini nzima, pamoja na kabureta na hizo ringi za laki tatu na themanini, ilikuwa haina hatia.

Kutafuta tundu kulichukua muda mfupi kuliko chai. Alibinya kipira chetu hadi kikawa kigumu, akapaka povu la sabuni kwenye viungio vyote. Kwenye kichwa cha kuchomeka upande wa injini yakatoka mapovu madogo madogo, kama ya soda. Ndani mle kuna oringi, kipete cha mpira cha kuziba kiungio, ndogo kuliko pete ya kidole, imekauka na kupasuka. Na upande wa pili klipu ilishapotea, mtu aliyekuwa nayo kabla yangu alikaza kwa waya. Huo mpira wenyewe haukuwa wa asili, ni wa kuungaunga. Nilinunua mwingine mzima na kipira chake, elfu 40. Mzee nilimpa elfu 15 na perege wanne, akachagua mwenyewe.

Kuna jambo la oili ambalo mzee alinigombeza, na alikuwa na haki. Injini ya mashine hii haina oili yake ya kukaa chini kama ya gari. Oili yake ndiyo ile unayochanganya na petroli, ukiisahau umeiua. Sisi tunachanganya moja kwa hamsini, yaani mililita 20 kwa kila lita, tangi la lita 24 linakula mililita 480. Tumepiga alama kwa kalamu kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Kosa letu lilikuwa aina: tulikuwa tunatia oili ya pikipiki, kwa sababu Dodoma ndiyo unayoikuta kila duka. Ya mashine za majini imeandikwa TC-W3, imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji, haiachi majivu mengi kwenye plagi. Mimi naagiza Dar, chupa kadhaa kwa mkupuo. Inauma bei, lakini tangu nianze plagi zinakaa.

Impela, ile inayosukuma maji ya kupoza injini, nilibadilisha pia mwaka huo, kwa sababu mashine ilikuwa inakojoa kinyonge, yaani maji hayo yalikuwa yanatoka kidogo. Kazi ya saa mbili, hakuna hadithi.

Ukiniuliza alama, mashine naipa tisa kwa kumi. Moja nimekata kwa kelele na kwa unywaji, maana tu-stroki ya zamani inakunywa petroli kama harusini, na kwa bei ya petroli ya sasa safari ya kambi za mbali naipigia hesabu mara mbili. Spea zake zinapatikana, na karibu kila mvuvi anajua kuifungua, jambo ambalo kwa mashine mpya za fo-stroki huku kwetu bado. Huduma ya mjini naipa mbili, zote za uoshaji wa kabureta, kwa sababu kwa kweli ilikuwa chafu. Nilirudi kumweleza tatizo lilikuwa nini, nikamwekea ile oringi mezani. Akaigeuzageuza, akasema, "Hizi mbona ninazo, mia tano." Pesa yangu hajarudisha.

Kijana wangu siku hizi kabla ya kuvuta kamba anabinya kipira kwanza, halafu anainusa mikono yake.