Uzoefu wangu: kumtafuta babu katika vitabu vya parokia

Kabla sijasema lolote kuhusu vitabu vyenyewe, nianze na karani, kwa kuwa ndiye anayeamua kama utaviona au hutaviona. Niliingia katika ofisi ya parokia moja kongwe kandokando ya ziwa, si mbali sana na Mwanza mjini, nikasalimu "Tumsifu Yesu Kristo", na hiyo "Milele amina" naisubiri hadi leo. Nilipoeleza kwamba natafuta ubatizo wa babu mzaa baba, alinijibu macho yakiwa kwenye simu: "Kaka, hapa tunatoa vyeti vya wanaofunga ndoa. Mambo ya mababu si yapo kwenye sensa?"

Jibu hilo liliniudhi kuliko ule ukimya. Sensa zilifanyika tangu enzi za Mwingereza, mwaka 1948 na 1957, zikaendelea baada ya uhuru kuanzia 1967 hadi ile ya 2022, lakini mwananchi hupewa idadi tu: watu wangapi, mkoa gani, wilaya gani. Taarifa za kaya moja moja ni siri kisheria. Kwa ukanda huu wetu, ambako Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walikuwa Bukumbi tangu 1883, kabla hata ya boma la Wajerumani pale Mwanza, jina la mtu wa kawaida hutafutwa katika kitabu cha ubatizo, na mtu anayelipwa kukilinda kitabu hicho alipaswa kulijua hilo kuliko mimi.

Bahati nzuri paroko aliingia, na kabati lililokuwa halina ufunguo likapata ufunguo. Hapo, nakiri, hasira ilinitoka. Jina letu la ukoo ni Shija, ambalo kwa Wasukuma hupewa mtoto anayewafuata mapacha Kulwa na Doto, kwa hiyo akina Shija wamejaa kila kijiji bila kuwa na undugu wowote. Nilichokifanya ni kumtafuta Shija ambaye wazazi wake wana Kulwa na Doto kurasa za nyuma, nao nikawakuta, wamebatizwa siku moja, jina la baba na la mama yakilingana herufi kwa herufi na yale yaliyoandikwa kwa babu. Pambizoni mwa mstari wake, kwa Kilatini na kwa wino uliofifia, palikuwa na kumbukumbu ya ndoa aliyoifungia parokia nyingine, ng'ambo ya ghuba. Maana ndoa ikifungwa popote, taarifa hurudishwa pale mtu alipobatizwa. Kwa miaka mingi wazee wetu walibishana kama babu alifunga ndoa ya kanisani, na jibu lilikuwa katika nusu mstari huo. Wakati ule ningewapa nyota zote tano na sadaka juu yake.

Kisha nikaomba kupiga picha, na karani akakifunga kitabu vidole vyangu vikiwa bado ndani. Sikatai kwamba ana haki ya kuzuia, kwani vitabu hivyo vina watoto walioandikwa bila baba, na wajukuu wao wako hai na wanasali parokia hiyohiyo. Lakini kuzuia ni jambo moja, na kubana vidole vya mtu ni jingine. Niliambiwa nilipie nakala ya cheti. Nililipa, sikupewa stakabadhi, na baada ya kuzungushwa kwa majuma kadhaa nikakabidhiwa cheti chenye muhuri na sahihi, kizuri kabisa, ambacho babu ameandikwa Shilla. Nilipomwonyesha karani, alisema, "Si ni hilohilo tu, kaka?"

Nyota tano ni za kitabu. Ofisi nilitaka kuipa mbili kwa sababu ya paroko, lakini cheti bado hakijasahihishwa, kwa hiyo naipa moja.