Kibanda cha santuri Kenyatta Market: mzuri ila bei!

Kama unapenda santuri na hujawahi kuingia hiki kibanda cha Kenyatta Market unajinyima tu. Kiko ndani ndani huko, ukishapita moshi wa nyama choma na madada wa kusuka wanaokuvuta mkono hata ukiwa na kipara. Jina sitaji, maana nina lawama.

Mzee mwenyewe hana haraka ya kuuza. Nilimwambia nataka rumba, akauliza rumba ya wapi, akaweka LP ya Kuba na kusema nyimbo aina hii zilifika Afrika kwa zile santuri za GV, msururu wa kampuni ya HMV, kuanzia 1933, Wakongo wakazishika wakazitia Kilingala na gita. Halafu akatoa singo ya bendi ya Super Mazembe, hawa walitoka Kongo wakaja kukaa hapa Nairobi miaka ya 70, akaipangusa na kitambaa, sindano ikashuka, akaniambia skiza hiyo gita inayozunguka, Kuba hiyo ni kazi ya piano. Na kweli, ukishaisikia hivyo huwezi kuacha kuisikia. Kisha akaweka Jambo Bwana ya Them Mushrooms wa Mombasa ya 1982 na ile ya Boney M wa Ujerumani ya 1983, moja baada ya nyingine, hadi wateja wa kibanda jirani wakaanza kubishana. Mimi niko na Mombasa, ile ya Ujerumani imepigwa pasi sana.

Sasa lawama. Rafu ya benga ni kama imeibiwa. Muziki uliotoka huku Nyanza ukaenda hadi Zimbabwe, huko wakauita kanindo kwa jina la Oluoch Kanindo, prodyuza wetu, leo ukiuliza singo ya Shirati Jazz, bendi ya benga, unaambiwa imewekewa mteja wa Ulaya. Iliyobaki ina mikwaruzo na bado anataka elfu mbili, manze singo moja! Naelewa biashara ni biashara lakini sisi wa hapa tutasikiza nini. Pia angalia ndani ya kava kabla ya kulipa, mimi kava iliandikwa Virunga, ile bendi ya rumba, ndani nikapata kwaya.

M-Pesa anachukua. Enda katikati ya wiki asubuhi, Jumamosi huwezi hata kusikia sindano. Nyota nne, ya tano ako nayo huyo mteja wa Ulaya.