Kadi ya sauti kwa studio ya nyumbani: angalia draiva kabla ya bei

Mita ya CPU ndani ya programu ya kutengeneza muziki kama FL Studio au Cubase ikigonga asilimia 90 huku Task Manager ya Windows ikionyesha 30, usikimbilie kulaumu prosesa. Mita ile hupima muda: sauti imewahi kuandaliwa kabla bafa, yaani kipande kidogo cha sauti kinachosubiri kuchezwa, haijaisha? Ukiweka bafa ya sampuli 128 kwa 44.1 kHz, una milisekunde 2.9 tu. Draiva moja (programu inayokiwezesha kifaa kufanya kazi na kompyuta) ikizubaa, sauti inakwaruza.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hela, pakua LatencyMon, programu ya bure inayotaja draiva inayochelewesha sauti, uiache ifanye kazi dakika chache mradi wako ukipiga. Ikitaja ndis.sys, mshukiwa ni mtandao. Zima Wi-Fi ujaribu tena. Ikitaja nvlddmkm.sys, ni draiva ya kadi ya picha ya NVIDIA. Hapo kadi mpya ya sauti (kile kifaa cha kuunganisha maikrofoni na kompyuta) haikusaidii kitu, hata iwe ya bei gani.

Ukishajua tatizo ni kadi yenyewe, watumiaji wa Windows ningewapangia hivi.

Ya kwanza ni RME Babyface Pro FS. Bei inauma, tusidanganyane. Lakini Wajerumani hawa huandika draiva zao wenyewe na huendelea kuzihudumia hata kadi zao za zamani. Anayerekodi wateja kila siku, aanze kudunduliza.

Ya pili MOTU M2, na wengi wetu tungeishia hapa: draiva yake hutulia hata bafa ikiwa ndogo, kwa sehemu ndogo ya bei ya RME.

Ya tatu Focusrite Scarlett 2i2. Inapatikana kirahisi na ina ASIO yake, yaani draiva ya Windows inayopunguza ucheleweshaji wa sauti.

Ya nne Behringer UMC202HD. Soma namba vizuri! UMC22, mdogo wake, haina ASIO ya kwake. Hutegemea ASIO4ALL, ambayo ni daraja tu juu ya draiva za kawaida za Windows. Ongeza hela kidogo uchukue 202HD.

Zile V8 za taa za rangi ni za kwenda laivu kwa simu. Ziache huko huko.

Wa Mac wana nafuu, Core Audio, mfumo wa sauti uliomo ndani ya Mac yenyewe, hubeba kazi kubwa.

Ukinunua ya mtumba, fungua ukurasa wa draiva wa kampuni ukiwa bado dukani. Kama ya mwisho kutolewa ni ya Windows 7, rudisha hela mfukoni.