Miezi 14 na huduma ya kutabiri mavuno ya spirulina, Kigoma

Kwa miezi 14 nimekuwa nikilipia huduma ya simu inayotabiri mavuno ya spirulina, yaani mwani mdogo sana wa majini unaolimwa kwa chakula, na nimeitumia katika mabwawa yangu mawili ya wazi huku Gungu, kila moja likiwa na eneo la mita za mraba 30 na maji ya kina cha sentimita 20. Kwa kuwa wenzangu kadhaa wameniuliza kama inastahili fedha yake, ninawajibu kwamba inalifahamu anga vizuri, lakini bwawa hailifahamu.

Mkulima hujaza vipimo vya bwawa na uzito wa mwani uliomo, kisha huduma huchukua hali ya jua na joto ya siku 7 zijazo na kukokotoa gramu zitakazoongezeka. Nimeipenda kwa sababu haihesabu mwanga kana kwamba unafika wote hadi sakafuni. Bwawa likikolea, mwani wa juu hufyonza mwanga karibu wote na wa chini hubaki gizani, ndiyo maana kulijaza mwani kupita kiasi hakuongezi mavuno. Huondoa pia uzito unaopotea usiku, kwani jua likizama mwani huendelea kupumua na kula akiba ya mchana. Kuanzia Agosti hadi Oktoba tofauti kati ya utabiri na mzani wangu ilikuwa gramu chache tu, nami niliweza kumpa mteja wa mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, siku ya kufuata mzigo wake bila kumwangusha.

Julai mambo yalikuwa mengine. Huduma hutumia wastani wa joto la hewa wa siku nzima, ilhali spirulina huishi majini na hustawi zaidi karibu na nyuzi 35. Asubuhi moja, saa 1, kipimajoto kilionyesha maji yana nyuzi 19, huku simu ikisoma 24. Jua kali likiyakuta maji ya baridi namna hiyo, mwani hushindwa kuutumia mwanga wote, na unaozidi huudhuru.

Kosa lililoniumiza zaidi lilikuja Desemba, iliponyesha mvua ya milimita 40 usiku mmoja. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, hivyo maji yalipanda kwa sentimita 4, na ukolezi wa mwani, pamoja na ule wa magadi yanayozuia vijidudu vingine, ukashuka kwa sehemu moja ya sita. Huduma ilikuwa imehesabu mawingu peke yake. Nilivuna kiasi ilichonielekeza, na bwawa likachukua siku 9 kurejea rangi yake. Niliwaandikia wahusika, wakanijibu kwa heshima kwamba wataongeza nafasi ya kujaza joto la maji na kina chake, ila mpaka leo sijaiona.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kufungua simu, ninateremsha majini kifuniko cheupe nilichokifunga kwenye ncha ya rula. Kikitoweka kwenye sentimita 2, mwani umekolea, nami ninatandika kitambaa cha kuchujia ili nivune. Kikionekana hadi sentimita 4, ninaliacha bwawa lipumzike, hata kama utabiri unasema nivune. Ada nitailipa kuanzia Mei hadi Oktoba, na masika nitaisimamisha mpaka nafasi hiyo iongezwe.