Seti za taa za rangi na mandhari za picha za bidhaa: kipi kinafaa, kipi cha kubadilisha

Seti hizi zinauzwa kwa majina mengi, lakini ukifungua boksi yaliyomo hayatofautiani sana. Kuna taa mbili za RGB (zinazochanganya nyekundu, kijani na buluu kupata rangi nyingine) zenye ukubwa wa simu, paneli moja ya LED ya mwanga mweupe, mandhari tatu au nne za vinaili zilizochapishwa marumaru, mbao, saruji na ukuta wa plasta, pakiti ya jeli (zile karatasi laini za plastiki za rangi za kuwekwa mbele ya taa), na vibanio vya kusimamishia. Mlengwa ni mwenye biashara ndogo anayepiga picha juu ya meza: sabuni, mishumaa, vipodozi, vito, chupa za mchuzi, viatu. Taa zinafaa. Paneli inafaa ikilainishwa. Jeli nyingi hutazigusa. Kinachoangusha seti nzima ni mandhari za kuchapwa, nazo ndizo zinazopambwa zaidi kwenye matangazo.

Mandhari ya kuchapwa ni picha ya ukuta, si ukuta. Aliyeupiga picha ukuta ule alikuwa na taa yake upande fulani, na kivuli cha kila kibonyeo kimeshaganda kwenye wino. Wewe ukiweka taa kulia, chupa yako inaangusha kivuli kushoto, huku vibonyeo vya ukuta vikiangusha vivuli vyake kulia. Mteja hataweza kutaja kosa liko wapi, ila ataona bidhaa kama imebandikwa. Kwa mwanga mweupe bado unaweza kujiokoa: tazama vivuli vya wino vimeelekea wapi, kisha weka taa upande ule ule. Kwa mwanga wa rangi hakuna pa kukimbilia. Wino haujui taa imetokea wapi, kwa hiyo zambarau inatanda sawasawa juu ya kibonyeo na juu ya tambarare, na ukuta uliosifiwa kwa uhalisia wake unageuka shuka la rangi moja. Tena vinaili, hata ile inayoitwa isiyong'aa, hung'aa ikimulikwa kwa pembe ya chini, na pembe ya chini ndiyo inayohitajika hapa.

Kwenye uso wenye mabonde na matuta ya kweli mambo ni mengine kabisa. Taa ya machungwa ikitokea kushoto na ya buluu kulia, zote zikiparaza uso wa ubao, kila tuta linapata rangi mbili: shavu la kushoto machungwa, la kulia buluu, na kati yake ufito mwembamba ambapo rangi hizo zinakutana na kupauka. Huo ufito ndio unaolipa picha kina. Kwa hiyo ushauri wetu ni kubaki na vinaili moja au mbili za kulaza mezani chini ya bidhaa, na mandhari ya wima kutengeneza mwenyewe.

Kutengeneza si kazi kubwa. Chukua plaiwudi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya sentimita 60 kwa 60, unene usipungue milimita 6. Paka praima pande zote mbili. Ukipaka mbele peke yake, maji yataukunja ubao kama kigae cha paa. Ikikauka, tandaza puti ya ukuta kwa mwiko, unene wa milimita 2 hadi 3. Kwa ukubwa huo kilo moja na nusu ya puti iliyo tayari inatosha. Usilundike zaidi ya hapo kwa mkupuo mmoja, kwa sababu juu itakauka kabla ya ndani na nyufa zitatokea. Vuta mwiko kwa mikato mifupi inayopishana, subiri puti ianze kushika, kisha pitisha mwiko kwa wepesi kulaza ncha kali. Acha ikauke siku nzima, piga msasa namba 180 au 220 kwa mkono mwepesi, halafu mikono miwili ya rangi ya maji isiyong'aa, kijivu cha kati.

Rangi hiyo ya kijivu si suala la ladha. Ubao mweupe hupokea kila tone la mwanga mweupe linalovuja kutoka paneli inayomulika bidhaa, na rangi yako inapauka. Ubao mweusi unameza rangi na kudai nguvu ambayo taa ndogo hazina. Ubao uliopakwa rangi nyingine unachagua: ukiupiga buluu ubao wa machungwa, unapata weusi mchafu, maana hakuna buluu ya kutosha ya kurudisha. Kijivu hupokea kila rangi bila ubaguzi, na ubao mmoja unakuwa mandhari kumi.

Angalia pia kipimo cha matuta. Kwa bidhaa ya urefu wa sentimita 10, mikato ya mwiko yenye kina cha milimita 1 hadi 3 inatosha. Zaidi ya hapo, kichupa cha mafuta kinaonekana kimesimama mbele ya pango.

Sasa taa zenyewe. Kabla ya kununua, tazama kwanza kama ni RGB tupu au ni RGBWW, yaani ile yenye vidoti vya mwanga mweupe pamoja na vya rangi. RGB tupu hutengeneza weupe kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu, na weupe huo una mapengo; jicho linaukubali, lakini vitambaa, ngozi na vyakula vinatoka na rangi za ajabu. Namba ya CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa usahihi) iliyoandikwa kwenye boksi, mara nyingi 95 na kuendelea, inahusu mwanga mweupe peke yake na haisemi lolote kuhusu ubora wa rangi. Kingine ni betri. Taa ya wati 10 yenye betri ya mAh 4000 inabeba takriban wati-saa (Wh) 15, kwa hiyo kwa nguvu zote tegemea saa moja na kidogo, si nusu siku. Chagua inayofanya kazi ikiwa kwenye chaji. Sumaku ya nyuma na tundu la skrubu ya robo inchi ni vya lazima, kwa sababu taa hizi zinaishi pembeni, chini na nyuma ya vitu, mahali ambapo stendi ya kawaida haiingii.

Kosa kubwa kwenye taa za bei ya chini ni kupepesa. Hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka sana, na ukizishusha hadi asilimia 5 au 10, kamera inaona mistari ya giza ikikatiza picha. Dawa ni kupandisha nguvu, kusogeza taa mbali, na kutumia shata (muda kamera inaoacha mwanga uingie) ya taratibu, sekunde 1/50 au taratibu zaidi, kamera ikiwa kwenye tripodi. Bidhaa haikimbii, hakuna sababu ya shata ya haraka.

Namna ya kupanga: ubao usimame wima, bidhaa iwe mbele yake kwa sentimita 40 hadi 60. Nafasi hii watu wengi huibana, kisha wanalalamika taa ni mbovu. Bila nafasi, mwanga mweupe wa bidhaa unafika kwenye ubao na kuosha rangi. Taa ya rangi iweke pembeni mwa ubao, nje ya fremu, ikiangaza kwa kuparaza, pembe ya nyuzi 10 hadi 20 kutoka kwenye uso wa ubao. Umbali unaamua mteremko wa rangi. Taa ikiwa sentimita 20 kutoka ukingo wa karibu, ukingo wa mbali uko sentimita 80, mara nne zaidi, na mwanga huko ni dhaifu mara 16. Ukiirudisha hadi sentimita 60, ukingo wa mbali uko sentimita 120 na tofauti inabaki mara 4 tu. Karibu kwa rangi inayokolea upande mmoja na kuzama gizani, mbali kwa rangi iliyotulia.

Paneli nyeupe ndiyo taa ya bidhaa. Ilainishe kwa karatasi ya kuokea iliyotandazwa kwenye fremu, sentimita 15 hivi mbele yake, na uiweke upande na juu kidogo, nyuzi 45. Kati ya paneli na ubao simamisha manila nyeusi ili mwanga usivuje kwenda nyuma. Halafu fanya jaribio hili, ambalo linafaa kuliko kipimo chochote: zima taa za rangi, acha paneli peke yake, tazama ubao kwenye kioo cha kamera. Ukiwa karibu mweusi, endelea. Ukionekana kijivu, hiyo kijivu yote itaingia kwenye rangi yako na kuifanya ya maziwa. Sogeza manila, au sogeza bidhaa mbele, mpaka ubao uzame. Kuongeza nguvu ya taa ya rangi hakutibu tatizo hili.

Kwenye kamera, funga mizani ya weupe (mpangilio unaoiambia kamera weupe ni upi) kwenye 5600K, yaani mwanga wa mchana, na paneli iwe 5600K hiyo hiyo. Ukiiacha ijipange yenyewe, itaona zambarau nyingi, itadhani ni hitilafu, na itasukuma kijani kwenye lebo yako. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iwe 100, tundu la lenzi f/8 hadi f/11 kwa bidhaa ndogo. Kwa simu, tumia lenzi ya 2x au 3x badala ya ile pana, maana pana huvimbisha kilicho karibu na kuonyesha kingo za ubao. Bonyeza na kushikilia kioo hadi fokasi na mwangaza vifungike.

Hitilafu inayowapita wengi ni kuungua kwa chaneli moja, yaani moja ya rangi tatu za picha (nyekundu, kijani, buluu) kujaa mwanga kupita kiasi. Buluu au nyekundu ya LED ni rangi kali mno. Histogramu ya jumla (grafu ya mwangaza kwenye kamera) inaonyesha picha iko salama, kumbe chaneli ya buluu imeshagonga ukuta, na matuta yote ya ubao yametoweka ndani ya doa moja bapa. Unatengeneza ubao kwa mikono yako halafu kamera inaufuta! Washa histogramu ya chaneli tatu ukiwa nayo. Ukiwa huna, shusha mwangaza wa taa ya rangi mpaka nyuma iwe giza kidogo kuliko unavyotamani, na ukolezi wa rangi kwenye taa uwe asilimia 60 hadi 80 badala ya 100. Kama kamera au simu inapiga RAW (faili ghafi isiyobanwa na kamera), tumia.

Mwanga wa rangi ni wa mandhari. Kwenye bidhaa yenyewe, kiwango cha juu ni ukingo mwembamba unaoangazwa kutoka nyuma. Rangi ya mdomo, kitambaa, uzi, rangi ya kucha, chochote ambacho mteja ananunua kwa kuangalia rangi, kisiguswe, la sivyo kitarudishwa. Chakula kikiguswa na kijani au buluu kinaonekana kimeharibika. Metali iliyosuguliwa haipokei rangi, inaakisi taa: pete itaonyesha mstatili mdogo wa zambarau, umbo la taa yenyewe. Hapo usiipige pete kwa taa. Piga kadibodi nyeupe, uiache pete iione kadibodi. Kioo ndicho kinachonufaika zaidi. Chupa yenye kimiminika angavu inavuta rangi ya ubao ulio nyuma na kuing'arisha tumboni mwake, bila taa ya rangi kuigusa hata kidogo.

Kuhusu jeli, hazina kazi kwa mwenye taa za RGB. Zinamfaa mwenye flashi. Jeli nzito za buluu hula sehemu kubwa sana ya mwanga, za njano huacha mwingi upite, kwa hiyo usitegemee taa mbili sawa zitoe nguvu sawa. Jeli ya CTO kamili, inayogeuza mwanga wa mchana kuwa kama wa balbu ya 3200K, ndiyo pekee tungebaki nayo kutoka kwenye pakiti, kwa sababu njano-machungwa yake ni ya utulivu kuliko ile ya LED.

Kwa wanaouza kwenye majukwaa makubwa: Amazon inataka picha kuu iwe na nyuma nyeupe kabisa, RGB 255, 255, 255, na bidhaa ijaze asilimia 85 ya fremu. Picha za rangi zinaingia kuanzia ya pili, na kwenye mitandao ya kijamii. Kwa hiyo piga zote mbili kwa mkao mmoja: kwanza ile nyeupe, kisha badilisha ubao bila kugusa bidhaa wala paneli. Kabla ya kupakia, hifadhi faili katika sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni) na uitazame kwenye simu. Buluu kali ikikosa nafasi katika sRGB hugeukia zambarau, na hilo ni afadhali ulione wewe kabla ya mnunuzi.