Kichupa cha kifuniko cha kijani: gundi ya Tamiya Extra Thin na F-16 yangu ya 1/48

Shika vipande viwili vya plastiki, vikutanishe bila gundi yoyote, kisha gusa mshono kwa ncha ya brashi iliyolowa. Mara moja tu. Gundi inajiondokea yenyewe kwenye brashi na kukimbia ndani ya ufa kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Ukielekeza kipande kwenye mwanga utaona mstari mwembamba unaong'aa ukisafiri sentimita tatu, nne, tano, kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Nina miaka kumi na moja kwenye modeli za ndege na hiki ni kichupa changu cha sita, lakini mstari ule ukianza kukimbia bado naacha kila kitu niutazame.

Naizungumzia Tamiya Extra Thin, ile ya kichupa cha kioo cha pembe nne, mililita 40, kifuniko cha kijani chenye brashi ndani yake. Nitaieleza kupitia ndege moja niliyoimaliza juzi, jeti ya kivita ya F-16C, toleo la Block 50, katika skeli ya 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi. Jeti ya kisasa ndiyo inayoipima gundi kwelikweli. Ndege za zamani za propela zina riveti nyingi na mabati yaliyopishana, macho yana mahali pengi pa kupotelea. F-16 ni mwili mmoja laini. Bawa linaungana na kiwiliwili bila kona, na mdomo wa kuingizia hewa umekaa chini ya kidevu, wazi, mtu yeyote anaweza kuchungulia. Mshono ukibaki hapo hauna pa kujificha. Boksi la ndege lenyewe ni la kampuni nyingine ambayo siitaji, kwa kuwa nina malalamiko nalo na huenda ni boksi langu tu lililotoka hivyo.

Tunaiita gundi, lakini kazi yake haifanani na kubandika. Ndani mna asetoni na byutili asetati, na vyote viwili vinalainisha polistirini, plastiki ambayo modeli hizi zimetengenezwa kwayo. Kingo mbili zinayeyuka kidogo, zinaingiana, kiyeyusho kinavukiza, na kinachobaki ni plastiki tupu iliyoshikana na plastiki. Ni sawa na kulehemu chuma. Gundi ya tyubu niliyoanzia nayo ilikuwa nzito, ikivuta nyuzi kila mahali, na ulipaswa kuipaka kwanza ndipo ukutanishe vipande, ukiomba Mungu vikae sawa. Hii unaanza na kukutanisha. Unageuza, unapima, unahakikisha kila kitu kimekaa, na gundi inakuja mwisho kabisa.

Sasa tuingie kwenye mdomo wa hewa, maana huko ndiko niliamini kwamba sitaiacha gundi hii.

Kwenye boksi langu mrija wa hewa umegawanywa nusu ya kushoto na nusu ya kulia, kwa hiyo mshono unapita juu na chini katika handaki lote mpaka kwenye uso wa feni ya injini. Ndege halisi haina mstari wowote wa namna hiyo. Kijivu cha nje kinaingia kidogo ndani ya mdomo, halafu ni nyeupe mpaka mwisho, na sijaona rangi inayoumbua mshono kama nyeupe inayong'aa. Nilizibana nusu mbili kwa klipu, nikapitisha brashi upande wa nje wa mrija ili brashi isiache alama ndani. Nikasubiri kama sekunde kumi. Kisha nikakandamiza taratibu kwa vidole gumba viwili.

Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Plastiki iliyolainika inasukumwa nje na kujitokeza juu ya mshono kama uzi, mwembamba kuliko uzi wa kushonea, wenye kung'aa. Uzi huo ndio unaoutafuta. Ukijitokeza bila kukatika, ujue ufa umejaa plastiki ya modeli yenyewe na puti, ile lahamu ya kuzibia nyufa, huihitaji. Kwangu ulikatika sehemu moja, chini karibu na mdomo, kama milimita sita hivi. Nikaongeza tone moja hapo tu, nikahesabu tena hadi kumi, nikakandamiza, ukajitokeza. Halafu nikaweka kando na kuondoka.

Kuondoka ndiko kugumu, na somo hilo nililigharimia. Kwenye ndege iliyotangulia hii nilipiga msasa mshono wa mgongoni saa tatu tu baada ya kuugundisha. Ulikuwa mgumu kwa kucha, msasa ukapita vizuri, rangi ya msingi ikaonyesha uso safi kabisa. Nikapaka rangi zote, nikaweka dekali, zile alama za kubandika, nikapuliza vanishi. Wiki ya pili nikaona mstari mwembamba umejichora mgongo mzima, kama kovu. Kumbe juu palikuwa pagumu lakini ndani bado plastiki ilikuwa na kiyeyusho, na kadiri kilivyotoka plastiki ilinywea na kuvuta uso chini. Gundi haikuwa na kosa, ilifanya kama inavyofanya siku zote. Tangu hapo naandika tarehe kwa penseli kwenye kipande cha tepu na kukibandika kwenye bawa. Siku mbili kwa mishono ya kawaida, siku nne kwa mgongo na mdomo wa hewa.

Kwa F-16 nilingoja hizo siku nne. Uzi ukawa mgumu, nikaukwangua kwa wembe ulioshikwa wima, nikafuata kwa msasa namba 400, 600 na 1000 niliouzungushia kijiti ili ufike ndani. Nikapuliza rangi ya msingi, Mr. Surfacer 1500, na kumulika kwa tochi. Hapakuwa na kitu. Rangi nyeupe niliimimina ndani, nikageuza mrija pande zote, nikaacha ya ziada itoke, nikarudia mara mbili.

Gundi nyepesi namna hii ina hatari moja ambayo kila anayeanza atakutana nayo: haichagui ufa. Mistari ya paneli za jeti ni mifereji, na mfereji wowote unaokutana na mshono utaivuta gundi. Upande wa kushoto wa F-16, nyuma ya rubani, kuna tundu la mzinga wa M61, na mstari wa paneli unapita karibu nalo. Nilikuwa nimeshika pale kwa kidole gumba wakati nagundisha mgongo. Gundi ikafuata mstari mpaka chini ya kidole, na nilipokiondoa alama yangu ilikuwa imechapwa kwenye plastiki, kila mkunjo wa ngozi ukisomeka. Ikikutokea, usifute. Ukifuta unaburuta plastiki laini na kuharibu eneo kubwa zaidi. Acha pakauke siku nzima, piga msasa 600 kisha 1000, na chonga upya mstari uliofutika. Na usibane mshono kwa tepu juu yake, maana gundi inaingia chini ya tepu vilevile. Tumia klipu au mpira, na vidole vikae mbali na mistari yote.

Hata uchongaji huo wa mistari unamalizwa na kichupa hikihiki. Sindano ya kuchongea inaacha kingo zenye manyoya. Unalowesha brashi, unaipangusa mpaka ibaki na unyevu kidogo tu, unaipitisha mara moja ndani ya mfereji. Manyoya yanayeyuka, kingo zinakuwa laini, na rangi ya kukolezea paneli baadaye inatiririka bila kukwama.

Malalamiko yangu kuhusu boksi ni pua. Kampuni imeitenganisha na kiwiliwili ili fremu zilezile, yaani vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande ndani ya boksi, zitoe ndege ya kiti kimoja na ya viti viwili, jambo ninalolielewa, lakini kwangu vipande havikukutana: ufa wa karibu nusu milimita upande wa kulia, na upande wa kushoto ukingo mmoja umeinuka kuliko mwingine. Extra Thin peke yake haijazi ufa wa upana huo. Inahitaji kingo zigusane, la sivyo inavukiza bure. Nilichofanya ni kukatakata mabaki ya fremu ya plastiki ileile, nikayatia kwenye kichupa cha zamani kilichobaki na gundi robo, nikaacha usiku kucha. Asubuhi kulikuwa na uji mzito wa kijivu. Nikaujaza kwenye ufa kwa kijiti, nikaupa wiki nzima ukauke kwa sababu unanywea sana, nikarudia sehemu mbili. Uzuri wa uji huu ni kwamba ukikauka ni plastiki ya ndege yenyewe. Msasa unaukata sawasawa na pembeni yake, na mstari wa paneli unachongeka katikati yake bila kumomonyoka kama puti ya tyubu.

Kuna mahali gundi hii isifike kabisa. Kioo cha rubani cha F-16 ni tone moja kubwa lisilo na fremu mbele ya macho, ndicho kinachoipa ndege ile sura yake, na doa moja la kiyeyusho hapo halina pa kufichwa. Mimi natumia gundi nyeupe inayokauka bila rangi. Kiti changu kilikuwa cha resini na mikanda yake ya chuma chembamba, na Extra Thin haiyeyushi resini wala chuma, kwa hiyo hapo ni supa gluu. Lakini kiti kikae siku nzima kabla ya kufunika kioo, maana mvuke wa supa gluu huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu. Na palipokwisha kupakwa rangi pakwanguliwe kwanza. Kiyeyusho lazima kiguse plastiki tupu.

Brashi ya kwenye kifuniko inafaa kwa mabawa na kiwiliwili. Kwa vidude vidogo inabeba gundi nyingi mno. Mapezi ya kombora la AIM-120 katika skeli hii ni membamba kama karatasi nene, na tone la brashi ile linaweza kulipinda pezi kabla hujaliweka sawa. Nachovya brashi ya kuchorea namba 000, au napangusa ile ya kifuniko mara mbili kwenye mdomo wa kichupa. Kichupa chenyewe, ingawa kina kitako kipana, ukikigonga kwa kiwiko kikiwa wazi kimekwenda, na kitakachoguswa na mmwagiko huo ni modeli ya miezi miwili. Changu kinakaa kwenye shimo nililolikata ndani ya kipande kinene cha sponji. Mvuke wake ni mkali na unashika moto. Dirisha wazi, moto mbali, na kifuniko kirudi kila baada ya kuchovya, kwani ikiachwa wazi inapungua yenyewe.

Tamiya wana pia ile inayokauka haraka, kifuniko cha kijani kilichopauka. Ninayo, naipenda kwa mapezi ya makombora na milango ya magurudumu, kipande unachotaka kishike sasa hivi na kikae. Kwa mrija wa hewa singeitumia, kwa sababu inawahi kukauka kabla uzi haujajitokeza. Na ipo ya limonini yenye harufu ya machungwa, kwa asiyeivumilia harufu ya kawaida.

Ndege ilipakwa kijivu cha FS 36118 juu na FS 36270 chini (namba za rangi za kiwango cha Marekani), urefu wake mezani sentimita 31. Mpwa wangu wa miaka kumi na tatu alipokuja aliupita mgongo na makombora yote, akainama moja kwa moja kwenye mdomo wa hewa na tochi ya simu. Akakaa hapo muda.

"Mjomba, hii ilikuja ikiwa kipande kimoja?"

Nikamwonyesha ukurasa wa maelekezo, nusu ya kushoto na nusu ya kulia. Akarudi kuchungulia, safari hii akiutafuta mshono kwa kidole. Kisha akaomba apewe brashi ajaribu kwenye mabaki ya fremu, nikampa, na nilimwona akishtuka gundi ilipomkimbia.

Kichupa kimebaki theluthi. Mezani sasa kuna Su-27, na hiyo ina midomo miwili.