Tairodi endi na boljointi: ununue ipi, uache ipi

Usukani ukianza kulegea, wengi hukimbilia dukani kabla ya kujua kilichokufa, matokeo yake wanabadilisha kifaa kizima na kuacha kibovu palepale. Pima kwanza. Piga jeki, weka stendi imara (usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake), kisha shika gurudumu kushoto na kulia ulitikise. Likicheza, mtuhumiwa wa kwanza ni tairodi endi (kiungo cha mwisho kinachosukuma gurudumu usukani unapokatwa), au reki endi (kiungo cha ndani kinachoishika tairodi kwenye reki, yaani mashine ya usukani) iliyojificha ndani ya mpira wa mikunjo. Ukilishika juu na chini likacheza, angalia boljointi (kiungo cha gololi kinachoshikanisha gurudumu na amu, mkono wa chuma wa chini ya gari) au beringi. Mwenzako atikise huku wewe umeweka vidole kwenye kiungo: kilichokufa utakihisi kikiruka.

Ukishakijua, hivi ndivyo ninavyozipanga, kuanzia ya kununua hadi ya kukimbia.

1. Spea ya kiwanda kinachowauzia watengenezaji wa magari. Kampuni nyingi za magari hazitengenezi viungo hivi zenyewe, zinaagiza kwa wataalamu wake. Lemförder na TRW, zote mbili za ZF ya Ujerumani, ni majina ya aina hiyo. Kwa magari ya Japani mafundi wengi wanaiamini 555 ya Sankei, na kwa ya Korea kuna CTR. Unapata chuma na mpira wa daraja la kiwandani bila kulipia nembo ya gari. Kwa watu wengi hapa ndipo pa kuishia.

2. Spea yenye nembo ya gari lenyewe. Ubora hauna shaka, bei ndiyo inayouma. Ninaiweka mbele pale tu ambapo modeli moja ina matoleo mengi yanayofanana kwa macho. Hapo namba ya chesisi inakutoa kwenye kubahatisha.

3. Ya kampuni inayojulikana, yenye nipeli (kitundu cha kupigia grisi). Inafaa gari linaloshinda kwenye vumbi, matope na maji, kwa sharti kwamba kweli utaipiga grisi. Ukiisahau, itakufa kama nyingine. Na ukipiga, acha mara mpira unapoanza kuvimba, maana ukiupasua umeshafungulia mchanga mlango.

4. Mtumba. Kwa viungo vyenye mpira na gololi, hapana, hata kama vimetoka kwenye gari zuri. Ulaji wa ndani hauonekani, na mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Mtumba naukubali kwa chuma kitupu, na kwa reki nzima iliyokaguliwa vizuri.

5. Isiyo na jina. Usinunue. Tairodi endi ikichomoka mwendoni, gurudumu hilo halisikilizi tena usukani. Boljointi ikichomoka, gurudumu linaweza kulala na gari likaanguka upande huo. Kuna vitu vya kubania pesa kwenye gari, hiki si kimojawapo.

Boksi zuri pia hughushiwa, kwa hiyo kagua kifaa chenyewe kabla ya kulipa. Shika pini uizungushe na kuiyumbisha kwa vidole. Kiungo kipya kinakuwa kigumu, na ugumu wake ni uleule kila upande. Kikilegea sehemu moja na kukaza nyingine, au kikigonga, kirudishe. Binya mpira wa vumbi: uwe laini, usiwe na nyufa, na pete inayoubana iwe imekaa sawasawa pande zote. Tafuta jina au namba iliyopigwa kwenye chuma chenyewe, kwa sababu stika hata mtoto anabandika. Mwisho, nenda na kile cha zamani uvilaze pamoja. Linganisha urefu, unene wa nyuzi (mistari ya skrubu), upande zinakozungukia (baadhi ya magari yana nyuzi za kushoto upande mmoja) na unene wa ile sehemu ya pini iliyochongoka. Pini isiyolingana na tundu lake inaweza kukazwa vizuri kabisa na bado ikacheza.

Anayefanyia kazi nyumbani aangalie pia kama boljointi yake imefungwa kwa bolti au imeshindiliwa kwa presi. Ya bolti ni kazi ya kawaida. Ya presi, kama amu ya chini inauzwa ikiwa na boljointi na bushi zake, nunua amu nzima. Itakugharimu zaidi, lakini utaepuka kupiga nyundo kitu kinachotakiwa kuingia kimenyooka.

Kwenye oda hiyohiyo ongeza koti pini mpya (kipini kinachozuia nati isilegee), au nati mpya kama yako ni ya kujikaza. Hizi hazirudiwi. Kwa reki endi chukua na mpira wa mikunjo pamoja na klampu zake. Nunua au azima pula ya kuchomolea pini. Uma wa kugongea (chuma chenye meno mawili cha kutenganishia kiungo kwa nyundo) unachana mpira, kwa hiyo utumie tu kwenye kiungo unachokitupa. Kaza kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) kufuata kipimo cha kitabu cha gari lako. Kama tundu la koti pini halijalingana na nati, songa mbele kidogo hadi lilingane, usilegeze kurudi nyuma.

Kununua pande zote mbili si lazima. Kama umegonga shimo upande mmoja ukapinda, badilisha huo na ukague mwingine. Kama kimekufa kwa uzee, cha pili kina umri uleule, na kwa kuwa alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu kwa mashine) utailipia vyovyote vile, vibadilishe pamoja.

Alaimenti yenyewe iweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Kuhesabu mizunguko wakati wa kufungua tairodi endi ya zamani kunakusaidia kufika kwenye mashine kwa usalama, basi. Tofauti ya milimita chache inatosha kula ukingo wa tairi, kwa hiyo nenda kapime siku hiyohiyo, na ukiwa unapanga kununua matairi mapya, yafunge kabla ya kupima.